Karatasi Katika Kitundu cha Kaseti

Papa,

Wamekuja kukutafuta. Watu watatu kutoka Ujerumani, na masanduku saba ya vyombo, wamekaa sebuleni kwetu kwenye viti ulivyovisuka upya kwa mikono yako, wakauliza kama hapa ndipo kwa fundi Tshimanga. Mama akawajibu kwa utulivu kwamba ndipo, ila fundi mwenyewe yuko makaburini. Walipoeleza kwamba hata hivyo wangependa uwemo katika filamu yao, alinigeukia mimi: "Marceline, baulize muzuri. Muntu mwenye kufwa batamupiga foto namna gani?" Mkalimani wao, bwana mmoja wa Lubumbashi, alicheka na hakutafsiri.

Ninakuandikia kwa Kiswahili hiki cha vitabu, kile ulichokuwa ukikitania kila niliporudi likizo kutoka chuo: "Haya, munyamaze, radio imefika." Nivumilie. Kwa Kiswahili cha nyumbani ningelia kabla ya kumaliza ukurasa wa kwanza, na leo nahitaji lugha inayonilazimisha kuketi wima. Kesho saa tatu asubuhi nitawekwa mbele ya kamera, nami bado sijui nitasema nini.

Filamu yao inahusu wale vijana wa Kijerumani ambao, miaka ishirini na kitu baada ya vita vyao vikubwa, waliweka magitaa chini wakaanza kutengeneza muziki kwa umeme: visanduku vya kutoa milio, utepe wa sauti uliokatwa kwa wembe na kuungwa tena, mashine za kupiga ngoma bila mkono wa mtu. Monsieur Gerd wako alikuwa mmoja wao. Sikuwahi kumwona, aliondoka hapa Likasi kabla sijazaliwa, mkataba wake wa kufunga mota kiwandani ulipokwisha. Naye amekufa, Papa. Mjane wake alilifungua daftari lake mbele ya kamera, na pembeni mwa jina la kipande kile kilicholitangaza kundi lao palikuwa na maneno machache ya penseli: mdundo, Likasi, karakana, pamoja na T.

Ni herufi moja tu. Kwa ajili ya herufi hiyo wamevuka bahari, na kiwandani wakaelekezwa kwako.

Mwongozaji anaitwa Katrin, ni mwanamke wa rika langu, na anasikiliza kama mtu anayehesabu pumzi za mgonjwa. Alinionyesha kwenye kompyuta yake sehemu ya filamu ambayo tayari imeunganishwa. Wazee wa Kijerumani wamekaa katika vyumba vyao safi, mmoja anashika waya, mwingine anasugua vumbi kwenye kinanda cha umeme kisichowaka tena. Karibu wote wanasema jambo moja kwa maneno tofauti: kwamba walitaka sauti isiyokuwa ya baba zao, kwa kuwa nyimbo za baba zao zilikuwa zimeimbwa vitani. Niliitazama sehemu hiyo mara mbili. Wao waliingia katika muziki huo ili wamkimbie baba. Mimi nimeingia humo nikimtafuta wangu.

Kisha Katrin akaniambia lile linaloninyima utulivu. Kama ipo sauti yoyote uliyoirekodi wewe kabla Gerd hajaondoka, wataicheza ndani ya filamu kando ya kipande chao, watu wasikie wenyewe, na jina lako litaandikwa kama mtunzi mwenza. Kama haipo, watabaki na ile herufi.

Yaya Kalala, kijana wako mkubwa, alikuwa amesimama mlangoni. Hakungoja tafsiri. "Iko!" alisema. "Kaseti ya wakati wa Gerd ilikuwa iko. Baliiba ku kilio. Na mwizi tunamujua." Kisha akalitaja jina la mwalimu Mukendi wa kwaya, kama anavyolitaja kwa karibu miaka ishirini sasa.

Papa, mimi ndiye.

Acha niliandike polepole, kwa sababu sijawahi kuliandika wala kulisema. Alasiri ya siku ya pili ya kilio chako, uwanja ulikuwa umejaa, na iliamuliwa kwamba kilio kirekodiwe kwa ajili ya dada yako, Tantine Ngalula. Unajua sababu. Tangu ndugu zetu walipofukuzwa hapa na kupandishwa treni kurudi Kasai, nchi ambayo wengine wao hawakuwahi hata kuiona, hakuna aliyeweza kufika kwa wakati kwenye msiba wa mwenzake. Ndipo tukawa tunapelekeana misiba kwa kaseti: nyimbo, sala, na kila aliyekuja kuomboleza akitaja jina lake, ili yule wa Mbuji-Mayi, huko Kasai, naye alie akijua analia na nani. Mwalimu Mukendi alileta kinasa sauti. Kaseti hakuwa nayo. Akasema, "Marceline, angalia mu nyumba, kama iko moja ya bure."

Niliikuta kabatini, chini ya mashati yako. Ilikuwa na neno moja la Kifaransa kwa wino wa buluu: Atelier, yaani karakana. Niliiweka katika redio, nikasikiliza kwa muda wa sekunde kumi hivi. Palikuwa na mlio mwembamba usiokatika, basi. Niliamua kwamba haina kitu. Leo najua ulikuwa unaanza hivyo, kwa mlio wa kile kisanduku chako cha kupimia nyaya peke yake, muda mrefu, kabla mdundo haujaingia. Lakini hata bila kujua hilo, kulikuwa na kitundu. Ulikuwa umekivunja kile kibamba cha plastiki mgongoni mwa kaseti, na hakuna mtu wa umri wetu asiyejua maana yake: isomwe, isifutwe. Mimi nilichana kipande cha karatasi kutoka kwenye daftari langu la chuo, nikakikunja mara nne, nikaziba nacho kile kitundu. Tulikuwa tukifanya hivyo kila wiki na kaseti za sokoni, tukifuta nyimbo tulizozichoka na kunasa mahubiri. Mkono ulitangulia akili.

Au ndivyo ninavyojiambia. Nimejihoji sana kuhusu zile sekunde kumi. Nilikua ndani ya nyumba ile. Mlio ule nilikuwa nikiusikia kila Jumamosi ukutani mwa chumba chako. Inawezekana sikuutambua kwa sababu ya machozi. Inawezekana pia niliutambua, na kwamba siku ile nilikuwa na hasira na kila kitu kilichokuchukua kwetu ulipokuwa hai. Sina uhakika. Nimesoma miaka mingi ili nijue namna ya kupima ushahidi, na ushahidi ninaoshindwa kuupima ni wangu mwenyewe.

Kwaya iliimba juu yako pande zote mbili za kaseti. Jioni ile ile mwalimu Mukendi aliitia katika mfuko wa shati akaipeleka kituoni, kwa msafiri. Yaya alimwona akitoka na kaseti mfukoni, na siku arobaini zilipokaribia kwisha, alipoitafuta ile ya Atelier asiipate, akajumlisha. Alimwita mwizi wa marehemu mbele ya kanisa zima, baada ya ibada, kwa sauti ile unayoijua. Mimi nilikuwa nimesharudi chuoni. Mama alinisimulia kwa simu. Nilisema, "Ah." Mwalimu aliacha kuongoza kwaya mwezi ule, na tangu hapo huketi benchi la mwisho, karibu na mlango.

Juzi nilipiga simu Mbuji-Mayi. Tantine Ngalula alishafariki, mtakuwa mmeonana. Binti yake aliniambia kwamba mama yake alikicheza kilio chako kila mwaka hadi mashine ikautafuna utepe. "Tulitosha ile kamba yote, yaya, tukafunga mu shamba ya mihindi, juu ya ndege." Utepe unapovutwa kati ya vijiti viwili hulia kwa upepo, na ndege huogopa. Nilimshukuru. Nilikata simu nikakaa.

Sasa sikiliza habari ya kitu kilicho juu ya meza yangu ninapoandika. Yaya Kalala, ambaye siku hizi ananunua na kuuza mawe ya shaba Kamatanda na hana subira ya chochote, alijifungia siku mbili na kile kisanduku chako. Bado kinafanya kazi. Ametafuta kaseti ya zamani, amenasa humo mlio na mdundo kama wako, amevunja kibamba, ameandika Atelier kwa wino wa buluu, akausugua mwandiko kwa kidole chenye jasho hadi ukazeeka. Ameniletea leo mchana. "Weye utawapa," alisema. "Weye njo mwenye masomo, batakuamini. Semea tu kama ilipatikana." Nilimwuliza kama huo si uongo. Akanijibu, "Mukendi aliiba ya kweli. Minye narudisha tu."

Nimeisikiliza, Papa. Ni wewe kabisa. Ameukumbuka hata ule mpigo wa tano unaochelewa, ile pampu ya kiwandani iliyokuwa ikichechemea, ambayo hukutaka itengenezwe kwa sababu, ulisema, ndiyo peke yake iliyokuwa ikitembea kama mtu. Nilipokuwa na miaka sita ulikishika kiganja changu ukakibandika ubavuni mwa redio. "Usisikie na masikio tu. Sikia na mukono." Nilikiweka tena kiganja hicho hicho leo, nikausikia, na kwa muda nilitaka sana kesho niseme kwamba ilipatikana.

Ingetosha. Ungeandikwa. Na nani angeumia? Mukendi ameshazoea benchi lake. Nimeiandika sentensi hiyo ili niione jinsi ilivyo mbaya.

Kuna pia shaka nyingine, na ni haki uijue. Ulipokuwa ukitupigia ile sahani ya santuri ya kundi la Gerd ulikuwa ukinyoosha vidole vyako na kusema, "Ile mikono njo yangu." Ulicheka ulipokuwa ukisema. Lakini ulicheka pia uliposema kwamba ulimfundisha askofu kupanda baiskeli, na ile ya baiskeli haikuwa kweli. Pampu ilikuwa ikichechemea mbele ya watu wawili. Yawezekana ulimfundisha Gerd kuisikia. Yawezekana aliisikia mwenyewe, na wewe ukamshikia waya. T. katika daftari ni yule aliyekuwa pamoja naye. Haisemi alifanya nini. Ninaamini ilikuwa mikono yako. Siwezi kuonyesha kwa nini ninaamini, isipokuwa kwamba mimi ni mwanao, na hiyo ndiyo sababu dhaifu kuliko zote.

Ninaacha hapa. Mama ananiita.

*

Papa, leo ni Jumapili alasiri. Siku nne zimepita.

Asubuhi ile ya kamera niliamka mapema nikachukua pikipiki hadi Kakontwe. Mwalimu Mukendi anaishi huko na mwanawe anayefanya kazi kwenye machimbo ya chokaa; majani ya uwanjani kwao ni meupe kama yaliyonyunyiziwa unga. Alikuwa ananyoa ndevu mbele ya kioo kilichotundikwa mtini. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kabla hajanipa kiti, kwa hofu kwamba kiti kingeninyamazisha.

Alimaliza shavu moja. Kisha akasema, "Minye nilijua."

Aliiona ile karatasi alipokuwa akiitia kaseti katika mashine. Aliuona mwandiko wako. Alifikiri watoto wa marehemu wameamua, na si kazi ya mgeni kuuliza. Yaya alipomtukana, ndipo alipoelewa kilichotokea. Nilimwuliza kwa nini hakujitetea. "Ningesema nini? Mu kanisa yote, niseme ni weye? Papa yako hata siku makumi ine hazijapita vizuri. Mutoto wa kilio habamubebeshake muzigo." Nilianza kulia. Hakunibembeleza. Aliendelea na shavu la pili, na sauti yake ikabadilika. "Lakini Marceline. Kilio kiliisha. Ukasoma, ukaolewa, ukazaa. Na njia ya kuja huku iko ile ile. Hata pikipiki inafikaka, si unaona?"

Nilimwambia kwamba nitalitaja jina lake mbele ya kamera, dunia ijue hakuiba. Akacheka kidogo, bila furaha. "Bale Badeutsch baliniita mwizi? Usitaje jina yangu ku filme. Itaje ku kanisa."

Nilifika nyumbani nikiwa nimechelewa, vumbi la chokaa likiwa bado kwenye viatu. Walinikalisha kwenye kiti chako. Yaya alikuwa nyuma ya kamera, amevaa suti, na kaseti yake ilikuwa juu ya meza mbele yangu, juu ya kitambaa cheupe alichokitandika mwenyewe. Katrin aliuliza kupitia mkalimani: sauti ya baba yako ipo?

Nilisema haipo. Nilisema ilikuwapo, na kwamba niliifuta mimi. Nilieleza kitundu, karatasi, na kwaya. Mkalimani alikwama kwenye neno kilio. Hakujua Wajerumani wana neno gani kwa watu wanaokaa uwanjani kwako siku nyingi. Mama, aliyekuwa pembeni, aliinamisha kichwa. Katrin akauliza kama ninaamini mdundo ule ni wako. Nikajibu kwamba ninaamini, na kwamba asiliandike hilo kama jambo linalojulikana. Akaangalia kaseti iliyo mezani. "Na hii?"

Nilimtazama Yaya. Sikutaka kumsaliti, na sikutaka kusema uongo, na sikuwa na sentensi ya tatu. Yeye mwenyewe ndiye aliyesogea, akapita mbele ya kamera yao, akaichukua, akaitia mfukoni, akatoka. Niliusikia mlango wa gari.

Jina lako litakuwamo, Papa. Katrin ameniahidi. Litaandikwa kamili, Tshimanga, fundi umeme, aliyefanya kazi pamoja na Gerd katika karakana ya Likasi. Mtunzi, hapana. Kabla ya kuondoka walirekodi sauti ya kiwanda, au kile kinachosikika sasa: kampuni nyingine, mashine nyingine, malori usiku na mchana. Mtu wao wa sauti alisimama penye uzio muda mrefu na vipokea sauti vyake masikioni. Aliniuliza pampu iko wapi. Nikamwambia ilitolewa kabla hujastaafu, na kwamba siku ile ulirudi nyumbani ukakataa kula.

Kamera haikuniogopesha. Leo asubuhi, kanisani, ndipo nilipoogopa. Wakati wa matangazo nilinyoosha mkono, pasta akaniruhusu, nikatembea hadi mbele. Ninafundisha wanafunzi mia katika chumba kimoja, lakini pale sauti yangu ilikuwa ya mtoto. Nilisema kwa Kiswahili cha nyumbani, kwa sababu kingine chochote kingekuwa mahali pa kujifichia. "Kaseti ya Papa, mwalimu Mukendi haiibake. Ni minye niliipana. Ni minye nilifunga kile kitundu. Nilinyamaza. Munisamehe, na yeye anisamehe." Hakuna aliyesema amina. Kwenye benchi la mwisho, mwalimu Mukendi hakuinua uso.

Baada ya ibada watu walinipita kama maji yanavyolipita jiwe. Niliona suti ya Yaya ikielekea mlangoni, nikadhani anaondoka. Akasimama mbele ya mwalimu Mukendi. Yaya ana mvi sasa, Papa, usingemtambua. Alisema kitu akiangalia chini, chinichini, hata mimi niliyekuwa hatua tatu sikukishika.

Mwalimu alimwangalia. "Siku ile ulisema na nguvu," akamwambia. "Leo unasema pole-pole."

Yaya alifunga macho. Nilimwona akivuta pumzi, mabega yakipanda ndani ya ile suti, kisha akageukia uwanja wa kanisa, watu wote wakiwa wanaamkiana na kutafuta watoto wao, akapaaza sauti hadi wachuuzi wa ng'ambo ya barabara wakageuka: "Minye Kalala, mutoto ya Tshimanga, niliita huyu mzee mwizi! Haikuwa kweli! Haikuwa kweli!" Alirudia mara ya tatu, ingawa hakuna aliyemdai mara ya tatu.

Mimi hajaniongelesha bado. Sijui kama atanisamehe, na sijui kama ningepaswa kutarajia hivyo. Nilimwacha amchukie mtu asiye na hatia kwa nusu ya maisha yake. Huenda nimekupunguza mbele ya dunia ili nijipunguzie mimi mzigo. Nimeligeuza swali hilo kila upande na sijaona upande ulio safi.

Pumzika, Papa wangu. Mama anakusalimu, anasema usiwatanie sana wenzako huko. Mimi nakuahidi hivi. Wazee wawili wa karakana yenu bado wako hai, mmoja yuko Buluo kwa binti yake, na mwingine hapa mjini. Nitawaendea. Nitaandika kila watakachokumbuka, na wakiniambia kwamba wewe ulishika waya tu, nitaandika hivyo, na nitaandika ulivyoushika.

Binti yako,
Marceline